Siku Ithungu Alipotafsiri Mbugani

Kwa miaka mingi Ithungu hakuwa mke wala mjane. Mumewe, Masereka, aliondoka nyumbani alfajiri moja ya msimu wa mvua akiwa na gunia tupu begani, akasema anavuka handaki kwenda kutafuta kuni upande wa mbuga. Handaki hilo lilichimbwa kuzuia tembo wasiingie mashambani, ila tembo walikwisha kulizoea. Mwaka ule walikuwa wamekula mahindi ya kijiji chao, Kyabikere, yakiwa bado mabichi, na hapakuwa na mtu kijijini asiyejua kwamba mwanamume anayevuka handaki na gunia hafuati kuni. Anafuata nyama. Masereka hakurudi jioni, hakurudi kesho yake, wala mwezi uliofuata.

Watu walimtafuta hadi pale walipothubutu kufika. Askari wa mbuga walipoulizwa walisema hawana habari, na kwamba yeyote anayeuliza habari za mtu aliyepotelea mbugani ajiandae kueleza mtu huyo alifuata nini humo. Maswali yakaishia hapo. Wengine wakasema amefungwa jela ya mbali. Wengine wakasema yuko Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ana mke wa Kongo na kitambi. Ithungu alizunguka jela alizoweza kuzifikia, akaacha. Habari ya mke wa Kongo aliipenda kuliko zote, maana mtu mwenye kitambi ni mtu aliye hai.

Kwao mtu haliliwi mpaka ijulikane amekufa. Kaka yake Masereka, Baluku, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alisimama mbele ya watu mwaka ule wa kwanza akasema huku machozi yakimtoka, "Mdogo wangu akirudi, akute kwake kama alivyopaacha. Asiguse mtu." Kwa maneno hayo Ithungu akabaki na nyumba, migomba, kahawa na binti yake wa pekee, Masika. Hakuwa amezaa mtoto wa kiume. Baadaye wana wa Baluku walikua, wakaanza kuulizia viwanja vya kujenga, na Baluku akawa anapita kwenye migomba ya Ithungu taratibu kuliko inavyohitajika. Lakini neno alikwisha kulitoa mbele ya watu, na Masereka hakuna aliyemwona maiti.

Ithungu alikuwa amesoma kwa masista mpaka kidato cha tatu, ada ilipokwama. Kiingereza chake hakikuota kutu, ndiyo maana kanisa lilimfanya mkalimani. Kila kiangazi walikuja wageni kutoka Uswidi, kanisa rafiki. Walipaka rangi madarasa, walifundisha watoto nyimbo, walitibu meno na vidonda. Ithungu alisimama kando yao kutwa nzima akigeuza maneno, ya huku kwenda kule na ya kule kuja huku. Alikuwa hodari. Watu walisema ukimsikiliza Ithungu unasahau kwamba kuna mtu katikati.

Siku moja kabla ya kuondoka, wageni walikuwa na desturi ya kwenda mbugani kuangalia wanyama. Siku hiyo wenyeji walibaki kufua mashuka. Mwaka huu kiongozi wao, bibi mmoja aliyeitwa Birgitta, muuguzi mstaafu mwenye nywele nyeupe na magoti mabovu, alisema mbele ya baraza la kanisa kwamba ni aibu watu kuishi ukingoni mwa mbuga na wasiwahi kuiona. Basi la wageni lilikuwa na nafasi. Mchungaji Kule akachagua akina mama wa kwaya, wazee wawili watatu, na mkalimani.

"Mimi siendi," Ithungu alimwambia Mbambu, jirani yake, walipokuwa wakimenya muhogo.

"Utakwenda. Wenzetu wanatutembelea kila wiki bila kualikwa. Acha na sisi siku moja tuwatembelee, tuone wanavyoishi."

"Nikiwaona nitawadai mahindi yangu."

"Wadai, wadai tu. Utafsiri vizuri wakuelewe."

Wakacheka. Ithungu alikwenda kwa sababu mchungaji alisema bila yeye safari haina maana, na pia kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alitaka kuona kwa macho mahali ambapo akili yake ilikuwa imehamia tangu Masereka aondoke.

Langoni alipanda askari wa kuwaongoza, mtu wa kaskazini, mrefu, mweusi tii, jina lake Okwera. Mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia chini ya kofia. Alikuwa mchangamfu, na alionekana kuwa amezoea wageni; kila mnyama alikuwa na mzaha wake. Alisema kwa Kiingereza, Ithungu akageuza kwa ajili ya akina mama na wazee waliokaa nyuma. Walipowakuta tembo kando ya njia, wageni walinyamaza kwa heshima na kunyanyua kamera. Kutoka nyuma ya basi ikasikika sauti ya mzee mmoja wa kanisa.

"Yule namjua. Yule mwenye pembe fupi ndiye aliyenibomolea ghala."

"Una uhakika, mzee?" Mbambu akamuuliza. "Usije ukamsingizia mtu wa watu."

"Tumeangaliana macho kwa macho. Muulizeni yeye kama hanijui."

Ithungu alipoyageuza hayo kwa Kiingereza, basi zima liliangua kicheko, na Bibi Birgitta akamgeukia yule mzee akampa mkono kana kwamba wamekutana upya. Ilikuwa asubuhi njema. Ithungu mwenyewe alijikuta anacheka. Alitazama nyasi za dhahabu, paa wakiruka, bonde limetulia kama mtu aliyelala, na kwa mara ya kwanza akafikiri kwamba pengine mahali hapa hapakumfanya mtu lolote, pengine kweli Masereka yuko Kasindi.

Walisimama juu ya kilima kunywa chai. Bonde lote lilikuwa chini yao, na mto ukipita katikati. Kijana mmoja wa Kiswidi akamuuliza Okwera kama amewahi kuona mtu akiuawa na mnyama. Okwera akaweka kikombe chake juu ya jiwe. Ilionekana ni swali alilozoea kuulizwa, na jibu lake alikuwa amelinoa siku nyingi.

"Hapo chini," alisema akinyoosha mkono, "ng'ambo ya mto. Sisi tulikuwa doria upande huu, miaka kadhaa iliyopita."

Ithungu akageuza. Akina mama wakasogea.

"Kulikuwa na nyati aliyejeruhiwa na waya wa mtegaji. Mnyama akiwa na waya mguuni anageuka shetani. Huyu alimkuta mwenye waya wenyewe, akampandisha mtini. Halafu akalala chini ya mti akamngoja."

Ithungu akageuza. Wageni waliguna kwa hofu tamu ya watu wanaosikiliza hadithi. Okwera aliendelea, akisimama kila baada ya sentensi ili mkalimani apate nafasi. Alikuwa mtu wa adabu katika hilo.

"Sisi tulikuwa huku kilimani. Mto umefurika, hauvukiki. Tulimsikia. Kwanza tulidhani ni sokwe, maana alikuwa akipiga shina la mti kwa viganja. Anapiga, anapumzika, anapiga. Mdundo mzuri kabisa, kama wa kanisani."

Ithungu akageuza, na aliposema "kama wa kanisani" sauti yake ilishuka kidogo, lakini mdomo haukusimama. Kwenye kwaya ya Kyabikere ngoma ilipigwa na Masereka mpaka mwaka alioondoka. Ila wapiga ngoma ni wengi, alijiambia. Kila kanisa lina wake.

"Mkubwa wetu akasema, mwacheni, huyo ni mwizi, ana wenzake, tukiteremka watatuvizia. Maji yakipungua tutakwenda. Usiku tulimsikia bado. Tulipovuka hatimaye, nyati alikwisha kuondoka. Yule mtu alikuwa chini ya mti. Nadhani usingizi ulimzidi akaanguka. Fisi walikwisha kupita. Hapakuwa na kitu cha kuchukua. Kilichobaki ni sweta tu, sweta la kijani la kufumwa kwa mkono, lenye mkono mmoja wa njano."

"Sweta la kijani," Ithungu alisema kwa lugha ya kwao, "la kufumwa kwa mkono, lenye mkono mmoja wa njano."

Maneno yakatoka yote. Ndipo aliposikia alichokisema.

Alilifuma mwenyewe. Uzi wa kijani ulimwishia begani, akamalizia kwa wa njano aliopewa na masista, na Masereka alilivaa kanisani Jumapili ile ile, kwaya nzima ikamcheka mpaka mchungaji akalazimika kukohoa. Hapakuwa na mtu mzima wa Kyabikere asiyelijua sweta lile. Mbambu alikuwa ameshika kikombe. Alikitua chini polepole. Wazee walitazama bonde.

Okwera alimalizia kwa maneno aliyozoea kumalizia nayo, kwamba mbuga ina sheria zake, akangoja tafsiri. Haikuja. Mchungaji Kule akasogea haraka, akasema kwa Kiingereza, "Mkalimani wetu amechoka kidogo, jua kali," akaigeuza sentensi ile ya mwisho yeye mwenyewe, vibaya.

Bibi Birgitta alimwendea Ithungu akamshika kiganja. "Unaumwa?"

"Kichwa kinamuuma," alijibu mchungaji.

Birgitta akafungua mkoba wake, akatoa kidonge, akammiminia maji. Ithungu akameza. Kichwa hakikuwa kikimuuma. Alimeza kwa sababu alipewa.

Wageni walipokuwa wakigawiwa mikate, alimfuata Okwera nyuma ya basi. Akamsemesha Kiswahili, ambacho askari walikitumia kambini.

"Afande, mti ule uko wapi?"

"Mti gani, mama?"

"Wa mtu wa sweta."

Okwera alimtazama, akatazama mikono yake iliyokuwa ikipapasa kitambaa cha gauni, na uchangamfu wote ukamtoka usoni. Alivua kofia.

"Ndugu yako?"

"Mume wangu."

"Mama, mimi nilikuwa nasimulia tu," alisema. "Nimesimulia watu wengi. Sikujua mtu wake yupo."

"Alisema nini huko juu? Kabla hajanyamaza."

"Alikuwa akiita. Alikuwa akisema maneno mengi." Okwera alijifuta shingo. "Lugha yenu mimi siijui, mama. Hata sasa siijui. Kama ningejua alichosema ningekwambia."

"Na mifupa?"

"Hatukuzika. Tuliandika kwamba hatukukuta mtu. Mkubwa alitaka hivyo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiangalia upande wa wageni, "Nakuomba. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Ukilisema hili huko nje, wataniuliza mimi, na wewe watakuuliza mumeo alifuata nini humu."

Ithungu aliomba wapelekwe kwenye mti huo. Mchungaji Kule akasema njia ya huko haipitiki na basi, na ratiba imebana, na kuna simba wanaopanda miti ambao wageni wamevuka bahari kuja kuwaona. Alisema yote hayo kwa upole, amemwekea mkono begani. "Mama Masika, haya tutayazungumza nyumbani. Hawa watu wanatujengea zahanati. Tusiwarudishe kwao na habari za ujangili."

Jioni waliwapata simba kweli, wamejilaza juu ya matawi ya mkuyu, miguu ikining'inia. Wageni walishangilia kwa kunong'ona. Mbambu alikuwa amemshika Ithungu mkono tangu kilimani na hakuuachia mpaka langoni.

Habari ilifika kijijini kabla hawajashuka basi, au ndivyo Ithungu alivyoona, maana alipofika kwake Baluku alikuwa ameketi kizingitini. Macho yake yalikuwa mekundu. Baluku hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mdogo wake, na alilia usiku ule kilio cha kweli.

"Afadhali tumejua, shemeji," alisema. "Sasa tunaweza kumlilia."

Wakamlilia. Palipokosekana maiti walizika shina la mgomba, wakalifunika kwa shuka kama mtu. Kwaya iliimba. Wageni wa Uswidi walikuwa wakifunga mizigo asubuhi hiyo. Waliambiwa kuna msiba wa jirani wa zamani, na Bibi Birgitta akaja kuaga amevaa gauni jeusi aliloazima kwa mwenzake. Alimkumbatia Ithungu kwa muda mrefu.

"Jana ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi," alimnong'oneza sikioni. "Asante kwa kila neno."

Ithungu alikuwa na Kiingereza cha kumweleza. Alikuwa nacho chote. Maneno alikwisha kuyapanga tangu usiku, na mchungaji alikuwa mbali, akihangaika na mizigo. Akafungua mdomo. "Karibuni tena," alisema. "Mungu awasafirishe salama." Miaka yote alikuwa amesema ya wengine, na siku ya kusema ya kwake ulimi haukujua pa kuanzia. Basi likaondoka.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikutana chini ya paa la Baluku. Ithungu alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Baluku alizungumza bila ukali.

"Nilisema mdogo wangu akirudi akute kwake. Nililishika neno langu, hakuna anayeweza kunilaumu. Sasa hatarudi. Ana damu, damu yake ni hawa wanangu, wanataka kujenga."

"Na Masika je? Si damu yake?" Ithungu aliuliza.

"Masika ni mtoto wetu, atakaa hapa. Ataolewa, aende zake, kama ulivyokuja wewe. Nawe hujafukuzwa, shemeji. Nyumba yangu iko wazi. Ukikubali kukaa chini ya jina langu, utalima pale pale ulipokuwa ukilima."

"Una wake wawili, na mimi ni mtu wa kanisa."

"Hilo umelisema wewe, si mimi."

Alimwendea Mchungaji Kule. Mchungaji alimsikiliza, akashika kichwa, akasema mambo ya ardhi ya ukoo kanisa halina sauti ndani yake, ila hawezi kumbariki akiwa mke wa tatu. Atamwombea. Alimaanisha; alimwombea pale pale, kwa sauti, kwa muda mrefu.

Ithungu akaenda kwenye ziwa la chumvi, ambako mtu hahitaji ukoo wala baraka ili aajiriwe. Kazi ni kusimama kwenye maji yanayowasha tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, ukikwangua chumvi kwa mikono. Ngozi ya miguu ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena mpaka ikaacha kupona. Alipanga chumba na mwanamke mwingine, wakapokezana kitanda. Kiingereza hakikuwa na kazi huko. Kwa muda aliwaza kumtafuta Okwera, amwombe amwonyeshe mti hata kwa mbali, na siku moja alifika mpaka langoni. Askari kijana akamwambia Afande Okwera amestaafu, amerudi kwao kaskazini.

Masika alikuja kumwona Jumapili za mwanzo, na ugali wa muhogo uliofungwa kwenye jani na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye kopo. Baadaye akawa anaruka Jumapili. Alikuwa anakua, na kwa Baluku kazi zilikuwa nyingi. Siku moja alikuja akiwa amekonda. Wakakaa nje ya chumba, upepo wa ziwani ukinuka kama yai lililooza. Mama akamuuliza kama wanampiga.

"Hawanipigi."

"Sasa nini?"

"Wamempata mtu wa kunioa. Wa milimani. Baba mkubwa anasema ni mtu mzuri."

"Unamtaka?"

"Sijui. Sijamwona." Masika alichora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza bila kuinua uso, na ilionekana ni swali alilokuja nalo kutoka nyumbani. "Mama, siku ile kule kilimani. Wale wengine Kiingereza hawakijui. Hukuweza kunyamaza tu?"

"Nilikuwa nimeshasema."

"Ungesema sweta jekundu. Ungesema chochote."

Ithungu akaona kwamba mtoto anasema kweli, na kwamba tangu siku ile hakuwahi hata mara moja kulifikiria jambo hilo. Alimwambia Masika ale kabla ugali haujapoa. Wakala wote wawili, kila mmoja akimsogezea mwenzake mboga, na walipomaliza Masika akaosha kopo kwa maji ya kunywa, maana ya ziwani hayafai, akaaga. Njia ya kurudi ni ndefu na alitakiwa kufika kabla mbuzi hawajafungwa.